Ombi Lililofungwa Mara Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini, bawabu wa karakana alinielekeza jikoni. Nilikuwa na barua ya kuajiriwa mkononi, jina langu Wakesho limepigwa taipu vizuri, na chini yake maneno "fundi msaidizi." Hakuisoma. Aliona mwanamke, akanyoosha kidole kule moshi ulikotoka.

"Mimi ni fundi," nikamwambia.

"Sawa, mama. Lakini mafundi hawajafika. Ngojea huko."

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na sikuwa mama wa mtu. Nilisimama palepale mlangoni mpaka Fundi Mkuu alipokuja saa mbili, na sikuketi ingawa kulikuwa na benchi.

Naanza na hilo kwa sababu vijana wanaonitembelea hapa Voi huniuliza kama hasira zimenitoka tangu nistaafu. Hazijanitoka. Zile za bawabu zilipoa zamani, maana yeye alikuwa hajui. Hizi ninazotaka kuwaeleza ni za watu waliojua.

Shirika letu lilikuwa na hospitali ndogo mjini Voi na zahanati kadhaa, nyingine kando ya barabara kuu kule Maungu na Miasenyi, nyingine upande wa Ndara ambako jirani wa karibu ni ng'ombe wa ranchi, nyingine mbali Taveta. Jina lake silitaji. Waliomo watajijua. Kazi ya karakana ilikuwa kuhakikisha kwamba kila kitu kinachotumia umeme, maji au mvuke kinafanya kazi: friji za chanjo, taa za sola, pampu za maji, mitungi ya kuchemshia vyombo vya kuzalishia, na baadaye kompyuta.

Fundi Mkuu wa wakati huo alikuwa Mzee Bakari, Mwislamu wa hapa Voi ambaye babu yake alitoka Mombasa na reli. Alikuwa mtu wa kanzu siku ya Ijumaa na ovaroli siku nyingine, na Kiswahili chetu cha bara kilimuuma sikio. Nikisema "hiyo kitu," alinisahihisha: "Kitu hicho, mwanangu. Ukizoea kulegeza lugha utalegeza na nati."

Utaratibu wake ulikuwa mmoja. Juu ya meza iliyokuwa karibu na mlango palikuwa na daftari kubwa. Kila aliyeleta shida, awe daktari au mfagiaji, shida yake iliandikwa humo pamoja na saa aliyoileta. Fundi akimaliza kazi, alipeleka karatasi ikatiwe sahihi na yule aliyelalamika. Fundi mwenyewe hakuruhusiwa kuandika kwamba kazi imekwisha.

Mwezi wangu wa pili nilitengeneza taa ya chumba cha kuzalishia kule Mwatate, na kwa kuwa sista, yaani muuguzi wa zamu, alikuwa na mgonjwa nikatia sahihi mwenyewe na kurudi. Mzee Bakari akaitazama karatasi.

"Nani kasema taa inawaka?"

"Nimeiona mwenyewe."

"Wewe ndiye unayezalisha mle?"

"La."

"Basi kamtafute anayezalisha. Yeye ndiye ajuaye kama mwanga unamtosha."

Nilipanda basi tena siku hiyohiyo kwenda kutafuta sahihi. Nilinuna njia nzima. Nilipofika, sista akaniambia kwamba taa inawaka, ndiyo, lakini inamtupia kivuli chake mwenyewe mikononi. Nikaisogeza. Hapo ndipo nilipoielewa kazi yangu.

Baadaye nilipelekwa Taveta, nikakaa huko miaka mingi nikiwa fundi peke yangu, nikatengeneza kila kitu kuanzia pampu hadi kitanda cha tabibu. Niliporudishwa Voi, Mzee Bakari alikuwa amestaafu na kufariki, nami nikapewa karakana yote. Daftari sikulikuta. Simu za mkononi zilikuwa zimefika na watu wakaona daftari ni ushamba. Sasa maombi yalikuja kwa kupiga simu, kwa meseji, kwa wasapu, kwa kupitia dereva, kwa kukutana sokoni. Sista mmoja alinieleza shida ya pampu kanisani wakati wa kutoa sadaka. Mengine tuliyakumbuka, mengine yakapotea, na hakuna aliyeweza kusema ni mangapi yaliyopotea.

Friji ya chanjo ya Maungu ndiyo iliyovunja subira yangu. Ilianza kupoteza baridi. Muuguzi wa pale alituma ujumbe kwa meneja aliyekuwa akitusimamia, na meneja huyo alikuwa amebadilisha laini. Siku nne chanjo zilikaa kwenye joto la Maungu, na mnalijua joto la Maungu. Zikamwagwa zote. Akina mama waliokuwa wametembea tangu alfajiri na watoto mgongoni wakaambiwa warudi wiki nyingine. Barua ya onyo nikapewa mimi.

Niliipeleka kwa Mkurugenzi, nikaiweka mezani pake.

"Ujumbe wa muuguzi haukutumwa kwangu, bwana. Ningejuaje?"

"Wewe ndiye mkuu wa karakana, mama. Kujua ndiyo kazi yako."

"Basi nipe njia ya kujua."

"Itafute," akasema, akairudisha barua kwenye faili langu.

Niliitafuta. Afisa wa kompyuta wetu wakati huo alikuwa Mutua, Mkamba aliyekulia Maungu, mwanamume mwenye watoto wawili na mkataba wa kusainishwa upya kila mwaka. Alikuwa mpole, lakini akikaa mbele ya kompyuta hakuwa na upole wowote na upuuzi. Nilimweleza habari za Mzee Bakari na daftari lake. Akasikiliza, akasema, "Mama, hiyo kitu watu wanaiuza Nairobi na majina makubwa. Sisi tunaweza kuiandika wenyewe."

Tukaiandika. Kwa kweli yeye ndiye aliyeiandika, mimi nikamwambia kazi inavyokwenda. Seva, yaani kompyuta inayotunza kila kitu na kuzijibu nyingine, ilikuwa mashine iliyotupwa na ofisi nyingine. Tuliiweka chini ya meza yangu juu ya matofali mawili, na kila Jumatatu nilipuliza vumbi jekundu lililoingia ndani yake. Mwenye shida alituma meseji kwa namba moja tu. Mfumo ulimjibu papo hapo kwa kumpa namba ya ombi lake, na tangu hapo ombi hilo halikuweza kupotea. Lilikuwa na hali yake: limepokelewa, linashughulikiwa, linasubiri idhini, au limefungwa. Kufunga ombi maana yake ni kusema kwamba shida imekwisha. Na hapo nilimwambia Mutua kwamba atakayefunga ni yule aliyelifungua, basi. Fundi akimaliza, mfumo unamuuliza sista, "Je, imepona?" Akijibu ndiyo, linafungwa. Asipojibu, linabaki wazi.

Tulikosea pia. Fomu yetu ya kwanza ilikuwa na maswali kumi na mawili. Sista Mghoi wa zahanati ya Miasenyi, mwanamke mrefu wa Wundanyi asiyepamba maneno, alinipigia simu siku ya pili.

"Mama, hapa nje nina foleni imefika barabarani. Unaniuliza friji ilinunuliwa na nani?"

"Tunahitaji kujua, Sista."

"Mimi nahitaji baridi."

Tukayapunguza yakawa matatu. Uko wapi? Nini kimeharibika? Kuna mgonjwa anayeumia kwa ajili ya hilo sasa hivi? Aliyejibu ndiyo kwa la tatu aliwekwa juu ya wengine wote. Na orodha yetu ya sababu za uharibifu tulidhani imekamilika, mpaka muuguzi wa upande wa Ndara alipotuma neno moja, "ndovu." Mutua alidhani ni utani, akampigia. Haukuwa utani. Ndovu alikuwa ameng'oa bomba la tangi na kulikunja. Tukaongeza ndovu kwenye orodha, na naapa sehemu hiyo ilitumika zaidi ya mara moja.

Mfumo ulifanya kazi. Ninalisema hilo bila haya, kwa kuwa hakuna mwingine aliyewahi kulisema. Mafundi wangu waliacha kukimbia huku na huku kama kuku. Masista waliacha kunitukana. Kila Jumatatu nilichapa orodha ya maombi yaliyo wazi na kuibandika kwenye mlango wa karakana, kila mmoja aone.

Hilo ndilo lililoleta matata. Sehemu iliyokuwa ndefu kuliko zote kwenye orodha ilikuwa "linasubiri idhini," na idhini ya kununua spea ilitoka ofisi moja tu. Mkurugenzi alikuja mwenyewe karakana, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ateuliwe, akasimama mbele ya mlango na kusoma.

"Mama Wakesho, karatasi hii inamwaibisha nani?"

"Haimwaibishi mtu. Inaonyesha ombi limefika wapi."

"Na limefika kwangu."

"Ndiyo, bwana."

"Iondoe."

Niliiondoa. Nikawa naichapa vilevile na kuitia kwenye faili.

Baada ya muda aliletwa Meneja wa Huduma kutoka Nairobi, kijana nadhifu, mwenye kusalimia kila mtu kwa jina. Nilimpenda wiki ya kwanza, nakiri. Aliusifu mfumo wetu, akasema sisi Wadawida, yaani Wataita, ni watu wa akili. Kisha akatuita ukumbini na kutuonyesha ukutani picha aliyotaka Mutua aitengeneze: maombi yaliyofungwa yana rangi ya kijani, yaliyo wazi yana rangi nyekundu.

"Wafadhili wakifungua hii kitu," akasema, "wanataka kuona kijani. Kuanzia leo kila ombi lifungwe ndani ya siku mbili."

Nikainua mkono. "Na kama spea haijafika?"

"Unafunga. Shida ikiendelea, wafungue ingine. Ni simpo tu, mama."

"Lakini mashine itakuwa bado mbovu."

"Mama, tusibishane na maendeleo."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, na Mutua hakucheka. Siku mbili baadaye alikuja karakana akakaa kwenye kreti bila kukaribishwa.

"Nimeambiwa nitoe ile ya sista kuulizwa. Ofisi ndiyo itakuwa inafunga."

"Na usipoitoa?"

"Kontrakti yangu inaisha mwezi ujao, mama. Nina watoto."

Aliitoa. Akaweka kitufe cha kufungia kwenye kompyuta ya meneja. Alipomaliza alisimama kidogo mlangoni. "Nimeambiwa nitoe swali," akasema. "Sijaambiwa nitoe kumbukumbu." Kumbukumbu za mfumo ni ile orodha inayojiandika yenyewe nyuma ya pazia: nani ameingia, amebonyeza nini, saa ngapi. Mkataba wake haukusainiwa tena hata hivyo.

Sasa nawaeleza habari za mashine ya oksijeni ya Miasenyi. Mashine hii huvuta hewa ya kawaida ya chumbani, ikaichuja, ikatoa hewa safi ya kumsaidia mgonjwa aliyeshindwa kupumua vizuri. Kwa zahanati ya barabarani, yenye ajali na nimonia, si pambo. Sista Mghoi aliona taa yake ya onyo ikiwaka, akafungua ombi. Fundi wangu alikwenda, akasafisha chujio lililojaa vumbi, akagundua kwamba pampu ya ndani imechoka. Akaandika kwenye ombi: inahitaji pampu mpya, isitegemewe kwa mgonjwa mahututi. Ombi likaingia kwenye "linasubiri idhini." Baada ya siku mbili likafungwa. Sista akafungua la pili. Likafungwa. Akafungua la tatu asubuhi, na kabla ya saa kumi jioni lilikuwa limefungwa.

Alinipigia. "Mama, huu mfumo wenu unaniambia mashine imepona. Mimi nimesimama mbele yake."

Nilikwenda kwa Meneja wa Huduma. Akaniambia pampu iko kwenye orodha ya manunuzi, nisiwe na wasiwasi. Nikamwambia kuna mashine nyingine nzima katika wodi ya kulipia hapa Voi, aghalabu haina mgonjwa, niipeleke Miasenyi kwa muda. Akasema wodi ile ina viwango vyake. Nikaandika barua. Barua ilipokewa na kugongwa muhuri.

Kuna jambo ambalo sitalificha. Gari la karakana lilikuwa chini yangu. Ningeweza kuipakia mashine ile mwenyewe na kuipeleka, kisha wanifanye watakavyo. Sikufanya. Nilibakiza miezi michache nistaafu, na nilijiambia kwamba nimeandika barua.

Mtoto aliitwa Mshai, alikuwa bado hajatimiza mwaka. Mama yake alikuwa na kibanda cha chai na mandazi pale Miasenyi, kando ya barabara malori yanaposimama, mahali unapoweza kupaona kutoka kwenye mlango wa zahanati. Alimleta saa tatu asubuhi, mtoto anahema kwa kasi na mbavu zinaingia ndani. Sista Mghoi akajua ni nimonia, akampa dawa, akawasha mashine kwa sababu hakuwa na nyingine. Ilifanya kazi dakika chache, ikaanza kulia, ikazima. Akapiga simu kuomba gari la wagonjwa, likawa Taveta. Akatoka barabarani akiwa na sare yake, akasimamisha pikapu iliyobeba vitunguu, wakapanda yeye na mama na mtoto. Mshai alifariki walipokuwa wamepita Maungu. Waliendelea mpaka Voi vilevile, maana Sista hakuweza kumwambia dereva asimame.

Siku tatu baadaye nilisikia kwamba Sista Mghoi amesimamishwa kazi.

Nilidhani nimesikia vibaya, nikaenda kuuliza. Rasimu ya ripoti ilikuwa tayari. Ilisema kwamba kwa mujibu wa mfumo mashine ilikuwa nzima na ombi lake lilikuwa limefungwa. Kwa hiyo muuguzi alishindwa kuiendesha. Ilisema pia kwamba mtoto aliletwa akiwa amechelewa. Nilisoma maneno hayo, "kwa mujibu wa mfumo," nikayarudia. Mfumo ule tuliujenga mimi na Mutua ili sista asikike. Sasa walikuwa wameushika kama fimbo ya kumpigia.

Mkurugenzi aliniita kabla ya kikao. Alinikaribisha kiti, akaagiza chai.

"Umebakiza miezi mitano, mama. Umetumikia vizuri. Staafu kwa amani."

"Na Sista Mghoi?"

"Yeye bado kijana, atapata kazi kwingine."

Chai ile sikuinywa. Niliondoka nikapanda gari hadi Maungu, nikamkuta Mutua kwenye kiduka chake cha kutengeneza simu, bisibisi mdomoni. Nilimweleza. Akaitoa bisibisi, akachukua karatasi na kuniandikia hatua kwa hatua namna ya kuzifungua kumbukumbu na kuzichapa. Aliandika kwa herufi kubwa kama anayemwandikia bibi yake. Nikamshukuru.

Kikao kilikuwa na Mkurugenzi, Meneja wa Huduma, Sista Mghoi, mimi, na mwakilishi wa bodi, mama mmoja aliyewahi kuwa mwalimu mkuu wa shule ya wasichana. Meneja alieleza kwa utulivu. Alionyesha ukutani jedwali lake, kijani kibichi kama majani ya masika. Sista Mghoi aliangalia mikono yake wakati wote.

Nilipopewa nafasi sikuhutubia. Nilisoma kumbukumbu nilizochapa. Ombi la kwanza, lilifunguliwa na Sista Mghoi, maneno ya fundi ni haya, limefungwa na fulani saa fulani. Ombi la pili, limefungwa na fulani. La tatu, limefungwa na fulani. Kisha nikasoma barua yangu juu ya mashine ya wodi ya kulipia, na muhuri wake.

Yule mama wa bodi akavua miwani. "Jina hili linalojirudia mara tatu ni la nani?"

Nikamsogezea karatasi zangu.

"Ni langu," akasema Meneja wa Huduma. "Lakini mimi nilifuata utaratibu."

"Ulikwenda Miasenyi ukaiona mashine?"

"Kazi yangu si kwenda Miasenyi."

"Ulimuuliza huyu Sista kama imepona?"

"Utaratibu hausemi tuulize."

"Ulikuwa unasema," nikamwambia. "Ninyi ndio mlioutoa."

Mkurugenzi akasema kikao kimepata maelezo ya kutosha.

Nilitoka mle nikidhani haki imepatikana. Tazameni ilivyopatikana. Sista Mghoi alirudishwa kazini, ila alihamishiwa Taveta, wakasema ni kwa ajili ya kumpumzisha. Meneja wa Huduma alihamishiwa ofisi kubwa zaidi Mombasa. Pampu ya mashine ilifika Miasenyi wiki ile ile, kwa hiyo idhini ilikuwa inaweza kutoka siku zote. Katika ripoti sentensi ya muuguzi ilifutwa, na ile ya mtoto kucheleweshwa ikaachwa. Nilipouliza kwa nini, niliambiwa lazima ripoti iwe na sababu. Mfumo wetu ulizimwa, eti si salama, ushahidi ukiwa kwamba mfanyakazi wa kawaida aliweza kuchapa kumbukumbu zake. Wakanunua mwingine, wenye maswali mengi na rangi nzuri.

Siku ya kuniaga Mkurugenzi alinisifu kwa mchango wangu katika safari ya kidijitali ya shirika. Nilipewa cheti na nafasi ya kusema. Nilisema asante kwa mafundi wangu, mmoja mmoja kwa jina, nikakaa. Cheti kipo kabatini, hakijapata fremu.

Wajukuu na vijana wa vyuo huja kuniuliza jinsi ya kujenga mfumo wa maombi kama ule. Wanataka kujua lugha ya kompyuta na ukubwa wa seva. Hayo nawaambia wamtafute Mutua, ni rahisi. Mimi nawauliza nani atakayekuwa na ruhusa ya kusema kwamba shida imekwisha. Wengi hujibu, msimamizi. Nawaambia warudi nyumbani wakafikiri.

Nilipokuwa nimestaafu mwezi mmoja hivi, nilishuka Miasenyi. Hakuna aliyenituma. Kibanda kilikuwa wazi, mama mwenyewe anakanda unga. Wateja walimwita Mama Mshai bado. Nilingoja madereva wawili wanywe chai yao waondoke, kisha nikamwambia mimi ni nani na nilifanya kazi wapi. Akaendelea kukanda. Nikamweleza yote: mashine ilikuwa mbovu, Sista alisema mara tatu, na mara tatu mtu aliyekuwa ameketi Voi aliandika kwamba imepona. Nikamweleza pia juu ya gari la karakana ambalo sikulipakia.

Mikono yake ikasimama ndani ya unga.

"Kumbe Sista alikuwa amewaambia."

"Aliwaambia. Alituambia."

Lori likapita, vumbi likaingia, hakulifunika beseni.

"Watu wa ofisi walikuja hapa wakaniambia nilichelewa," akasema. "Na kweli, mama, asubuhi ile nilimwona anahema vibaya. Nikasema wacha niuze kwanza hizi za moto, malori yasiondoke. Ilikuwa kama nusu saa. Kila siku nikiamka naihesabu hiyo nusu saa."

"Ungemleta usiku uliotangulia, mashine ingekuwa vilevile," nikamwambia.

Aliinamisha kichwa, akalia kwa sauti, mikono bado iko ndani ya unga. Nilivuta benchi nikakaa kando yake. Madereva waliokuja nikawaambia leo hakuna chai, waende mbele.